Gazeti Kati ya Vizimba

Kila saa tisa alasiri nainua kizuizi.
Dakika kumi, ameandika Tumen Dashiev kwa kalamu nyekundu,
na mimi, Kapitolina, mfagizi wa maabara hii ya Siberia,
nimekabidhiwa saa ya kubonyeza
kama mwamuzi wa mpira.
Upande huu dume mnene, mzoefu wa ushindi.
Upande ule mgeni wa kijivu, namba thelathini na moja,
masikio membamba kama ganda la kitunguu.

Sitasimulia yote.
Analala chali, miguu minne juu, anaonyesha tumbo:
nimeshindwa, bwana, nimekwisha kushindwa.
Lakini dakika bado.

Zikitimia nashusha kizuizi. Damu ni tone, au hakuna.
Kizuizi chenyewe ni plastiki angavu, yenye matundu;
usiku kucha wanaonana, wananusana,
na mshindi hana haja ya kuuma tena.

Siku ya ishirini Tumen hutoa bongo, nami huosha vizimba.
Nikamuuliza, mnatafuta nini mle,
katika kitu kisichofika ukubwa wa harage?
Akasema, Mama, jeni ni maandishi.
Kipigo hakifuti hata herufi moja.
Kinachobadilika ni lipi linasomwa kwa sauti
na lipi linafunikwa.
Akanionyesha jedwali: nyekundu, jeni zinazopiga kengele
hata adui akiwa amelala;
buluu, zile za kujenga na kuunganisha,
zimefunga mdomo.

Aliyeumwa na nyoka, nikamwambia, ung'ongo humshtua.
Ndiyo, akacheka, ila sisi tunatafuta
huo ung'ongo umeandikwa wapi.

Sikucheka.
Yefim wangu alirudi kutoka jeshini mwaka juzi
na vidole kumi, macho mawili, meno yote.
Daktari akaandika: mzima.
Wakubwa wa bweni walimfanya nini, hasemi.
Nikidondosha kijiko, tayari yuko ukutani, mgongo umebana.
Mlango wa chumba chake ni wa kioo, wa zama zile,
na ukumbini hupita wapangaji wenzetu
na mabuti yao, na vivuli vya mabuti yao.

Basi usiku ule, nje baridi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
nilikunja gazeti la juma lililopita
nikalichomeka kati ya vizimba, kwa thelathini na moja peke yake.
Kwa nini yeye? Sijui. Masikio, labda.
Alfajiri nikalichomoa.
Kesho yake tena. Usiku nane.
Alijikunja katika pamba, kwa mara ya kwanza
akampa yule jirani kisogo.

Matokeo yalipokuja Tumen alikunja uso.
Huyu hafanani na wenzake, akasema,
nusu ya jeni zake zinasomwa
kama za panya asiyewahi kupigwa.
Akangoja, kama vile jedwali lingejieleza.
Kisha akapiga mstari: kosa la kipimo.
Nilikuwa nakamua tambara. Ulimi ulinijaa kinywani.
Ni kijana mwema, halali kwa ajili ya safu zile,
na mimi nimemwibia ukweli,
au nimempa mwingine asioujua.
Na panya? Panya alikufa siku ya ishirini kama wote.
Sikumwokoa. Nilimpa usingizi wa usiku nane.

Nyumbani nikakoroga unga na maji ya moto, uji mzito,
nikapanda kigoda, nikaanza kubandika magazeti kwenye kioo:
habari za mavuno, ratiba ya treni,
uso wa waziri fulani, kichwa chini.
Yefim akafungua mlango. Nikasimama na brashi hewani.
Alitazama. Mabuti yalipita nyuma yangu, yakaenda zao.
Hakuuliza kitu.
Akanichukulia brashi mkononi
akapaka kona ya chini, kushoto,
ambayo mimi sikuifikia.